Mtoto anakula, anacheza, lakini harefuki: yale uchunguzi wa afya unafichua juu ya magonjwa yanayotungoja

Simamisha wavulana wawili kando ya ukuta. Wa kwanza ana miaka 3 na urefu wa sentimita 96. Wa pili ana miaka 4 na urefu wa sentimita 94. Wote wanacheza mpira wa makaratasi, wote wamekula bugali jana jioni, hakuna mwenye homa. Katika mtaa wowote wa Bukavu, Butembo, Bunia au Kalemie, hakuna jirani atakayesema kwamba huyu wa pili ana shida. Watasema ni wa ukoo wa watu wafupi, na mazungumzo yataishia hapo.

Lakini kama siku hiyo wapimaji wa uchunguzi wa kitaifa wa afya wangepita kwenye nyumba hiyo na ubao wao wa kupimia, huyu wa pili angeandikwa kati ya watoto waliodumaa, yaani watoto ambao mwili wao ulikosa chakula cha kutosha au uliugua mara nyingi hadi ukaacha kurefuka inavyopaswa. Na hangekuwa peke yake. Uchunguzi wa tatu wa idadi ya watu na afya nchini mwetu, ule unaoitwa EDS, uliofanyika 2023 hadi 2024, ulikuta kwamba watoto 45 kwa kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa.

Miaka kumi kabla, EDS ya 2013-2014 ilikuwa imepata 43 kwa 100. Katikati, uchunguzi mwingine uitwao MICS, wa 2017-2018, ulipata 42. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka kumi, pamoja na miradi yote, mabango yote na semina zote, hesabu hii haikushuka.

Habari hii haipigiwi kelele kama habari ya Ebola au ya mapigano. Hata hivyo, ndiyo inayoeleza kwa sehemu kubwa kwa nini surua, malaria na kuhara vinaua watoto wetu wengi namna hii.

Hesabu hizi zinatoka wapi?

Wakaaji wengi wanaposikia "asilimia 45" wanauliza: nani alitupima? Kwangu hawakufika. Swali ni zuri.

Uchunguzi wa EDS unaendeshwa na Taasisi ya Kitaifa ya Takwimu, INS, pamoja na Wizara ya Afya na Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa. Kwanza wanapiga kura kuchagua vijiji na mitaa katika kila jimbo. Kisha wanaorodhesha nyumba zote za mahali palipochaguliwa, na wanapiga kura tena kuchagua nyumba za kutembelea. Si chifu anayechagua, wala si mganga mkuu wa eneo la afya. Mwaka 2013-2014 walitembelea nyumba zaidi ya 18,000 katika nchi nzima.

Mama anayeonja sombe hamalizi sufuria. Anakoroga vizuri, kisha anaonja kijiko kimoja, na anajua kama chumvi imetosha. Kupiga kura ndiko kukoroga kwenyewe. Kama nyumba zimechaguliwa bila upendeleo, elfu chache zinaweza kusema ukweli juu ya mamilioni.

Ndani ya nyumba, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanaulizwa juu ya uzazi, chanjo za watoto, maji, choo, chandarua, na kile mtoto alichokula jana, mchana na usiku. Mtoto anawekwa kwenye mizani na kwenye ubao wa urefu. Anachomwa kidogo kwenye kidole, na tone la damu linaonyesha kama damu yake ni hafifu na kama ana vijidudu vya malaria.

Kwa nini wasitumie tu madaftari ya hospitali? Kwa sababu hospitali inaandika wale waliofika. Mtoto aliyekufa nyumbani kwa sababu baba hakuwa na franka za kulipia fishi hayumo kwenye daftari. Yule aliyepelekwa kwanza kwenye chumba cha maombi, au aliyenunuliwa vidonge viwili kwenye duka la dawa la barabarani, naye hayumo. Na yule wa sentimita 94 hawezi kuwemo hata siku moja, kwa sababu hakuna mama anayepeleka mtoto hospitali eti ni mfupi.

Mstari wa kuhesabia kudumaa uliwekwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka 2006, baada ya kupima watoto wenye afya wa nchi sita, kati yake Ghana. Ilionekana kwamba watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri wanarefuka karibu sawasawa, awe wa Accra au wa Oslo. Kati ya watoto wenye afya, wawili au watatu tu kwa 100 wanaanguka chini ya mstari huo. Hao ndio wafupi wa ukoo. Sisi tunao 45. Ukoo hauwezi kueleza tofauti hiyo.

Kivu inalisha miji, watoto wake hawarefuki

Tukiangalia jimbo kwa jimbo, ndipo mshangao unapoanza. Katika EDS ya 2013-2014, Kinshasa, mji ambao haulimi karibu kitu, ilikuwa na watoto waliodumaa chini ya mmoja kwa 5. Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, zenye udongo mweusi, mvua misimu miwili, maharagi, viazi, ndizi, ng'ombe na samaki wa maziwa makubwa, zilipita nusu.

Namna gani mahali penye chakula watoto wanadumaa kuliko mahali panaponunua kila kitu?

Sehemu ya jibu ni vita, na hiyo kila mtu anaijua. Mashamba yaliyoachwa, ng'ombe walioibwa, familia iliyokimbia mara tatu katika mwaka mmoja. Lakini vita peke yake haielezi yote.

Angalia njia ya chakula. Fromaji ya Masisi inapanda gari kwenda Goma. Maharagi ya Rutshuru na ya Kalehe yanaenda mjini, mengine hadi Kinshasa. Kuku anataga, na yai linauzwa ili kununua chumvi, sabuni na daftari la shule. Sambaza wanaovuliwa usiku kwenye ziwa Kivu wanafika sokoni asubuhi, na bei yao haiko ya kila nyumba. Kinachobaki kwenye sahani ya mtoto ni bugali ya muhogo na majani kidogo. Tumbo linajaa, mtoto analala bila kulia, na mama anaona ametimiza kazi yake. Lakini muhogo una nguvu tu, hauna kile kinachojenga mfupa, nyama na damu. Uchunguzi unapohesabu vikundi vya vyakula ambavyo watoto wa miezi 6 hadi 23 walikula siku iliyotangulia, na mara ngapi walikula, chini ya mmoja kwa 10 ndiye anapata chakula kinachofikia kipimo cha chini kinachokubalika.

Jambo lingine ni umri. Takwimu zinaonyesha kwamba watoto wa chini ya miezi 6 waliodumaa ni wachache kuliko wa miaka 2 au 3. Hesabu inapanda haraka kuanzia pale mtoto anapoanza kula uji, anapotambaa na kutia kila kitu mdomoni, na mara nyingi pale mama anapobeba mimba nyingine. Kila kuhara, kila malaria, inamrudisha nyuma. Ndiyo maana wataalamu wanazungumzia siku 1,000 za kwanza, kutoka mimba hadi miaka 2. Kinachopotea hapo ni kigumu kurudisha.

Utajiri unasaidia, lakini hautoshi. Mwaka 2013-2014, karibu nusu ya watoto wa nyumba maskini zaidi walikuwa wamedumaa. Katika nyumba tajiri zaidi bado walikuwa karibu robo. Ina maana kuna nyumba zenye televisheni na pikipiki ambamo mtoto anakosa yai.

Si urefu tu

Mtu anaweza kusema: na kama ni mfupi, kuna ubaya gani? Tuna wabunge wafupi na wafanyabiashara wafupi.

Ubaya ni kwamba kilichozuia mfupa kurefuka kimedhoofisha pia ulinzi wa mwili. Kulingana na OMS, karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 duniani vinahusiana na utapiamlo. Kwenye karatasi ya kifo hakuna anayeandika "alikosa chakula bora". Wanaandika malaria, homa ya mapafu, kuhara, surua. Lakini watoto wawili wakipata kuhara ya aina moja, yule aliyelishwa vizuri anakaa siku tatu na kupona, na yule dhaifu anazikwa.

Huku Kivu tunajua zaidi sura nyingine ya utapiamlo, ile inayoonekana: miguu na uso kuvimba, nywele kuwa nyekundu na nyepesi, ngozi kubambuka. Wazee wetu wanaiita bwaki, na katika nchi nyingi inajulikana kama kwashiorkor. Hospitali ya Lwiro, wilayani Kabare, imetibu watoto wa bwaki kwa miaka mingi sana, na madaftari yake yalihifadhiwa. Hilo limeruhusu jambo lisilo la kawaida katika Afrika: watafiti walirudi vijijini kuwatafuta watu waliotibiwa hapo kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na majirani zao ambao hawakuugua bwaki.

Walichokuta kinapaswa kutufikirisha. Wale waliopona bwaki walikuwa wafupi zaidi walipokuwa wakubwa. Katika mitihani ya akili na katika masomo walikuwa nyuma ya wenzao. Na kinyume na wengi wanavyofikiri, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kubeba mafuta mengi tumboni na dalili zile zinazofungua mlango wa kisukari na magonjwa ya moyo. Mwili uliojifunza njaa utotoni unaweka akiba vibaya ukubwani, unapokutana na sukari, mafuta na bia za mjini.

Kwa hiyo magonjwa ambayo tunayaita ya matajiri, shinikizo la damu na kisukari, yanaweza kuwa yalianzia kwenye sahani ya mtoto maskini. Nchi yenye watoto 45 waliodumaa kwa 100 inapaswa kujua leo kwamba hospitali zake za mwaka 2050 zitakuwa na wagonjwa gani.

Surua: onyo lilikuwa limeandikwa

Kama kuna anayeshuku kwamba takwimu za uchunguzi zinaweza kuona hatari kabla haijafika, akumbuke miaka ya 2018 hadi 2020.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Tunakumbuka yote: ndoo za maji yenye klori kwenye kila mlango, vipimo vya joto barabarani, mazishi yenye watu waliovaa kama wanaanga, hasira ya Beni na Butembo. Janga hilo liliisha Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Dunia nzima ilikuja.

Wakati huohuo, surua ilikuwa inapita kijiji kwa kijiji, jimbo kwa jimbo. Ilitangazwa kuwa janga la kitaifa Juni 2019. Ilipotangazwa kwisha Agosti 2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 7,000, karibu wote watoto wadogo. Ni mara tatu ya Ebola. Na kwa surua kuna chanjo ya bei ndogo, inayojulikana tangu miaka ya 1960.

Je, hatari ilikuwa imefichwa? Hapana. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulikuwa umeuliza mama nyumba kwa nyumba na kuangalia fishi za chanjo. Ulikuta kwamba watoto 35 tu kwa 100 wa umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamemaliza chanjo zote za msingi. Ili surua isienee, inatakiwa watoto karibu 95 kwa 100 wawe wamechanjwa. Weka hesabu hizo mbili kando kando, kisha ongeza ile ya kudumaa, 42 kwa 100. Mamilioni ya watoto bila kinga, na karibu nusu yao wenye mwili dhaifu. Surua inamaliza haraka vitamini A mwilini, na mtoto ambaye hakuwa na akiba ndiye anapofuka au anakufa. Kuni zilikuwa zimekauka na kupangwa, kilichokosekana kilikuwa cheche tu.

Serikali ilianzisha Mpango Mashako Oktoba 2018, ukiitwa kwa jina la Profesa Mashako Mamba, aliyekuwa waziri wa afya, ili kuamsha chanjo za kawaida. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, lakini watoto waliokuwa wamekosa chanjo miaka iliyotangulia walikuwa tayari wengi mno. Ukisoma takwimu ukachelewa kutenda, unalipa.

Damu hafifu ndani ya nyumba

Tone lile la damu kwenye kidole lilifichua jambo lingine. Mwaka 2013-2014, watoto 60 kwa 100 wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kati ya wanawake wa umri wa kuzaa, walikuwa 38 kwa 100.

Huu nao ni ugonjwa usiopiga kelele. Mama anachoka haraka shambani, anasikia kizunguzungu anapopanda mlima na mzigo mgongoni, anasema ni uzee au ni mawazo. Kumbe damu yake haina madini ya chuma ya kutosha, au malaria na minyoo vinaikula. Siku ya kujifungua, akipoteza damu kidogo tu kuliko kawaida, hana akiba. Uchunguzi uleule ulikadiria vifo vya akina mama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Upungufu wa damu si sababu pekee, lakini unamfanya mama asiweze kuvumilia kutokwa na damu ambako mwingine angepona.

Hapa pia ndipo tunapata habari njema, na ni haki kuiandika. Mwaka 2007, katika EDS ya kwanza, nyumba 9 tu kwa 100 zilikuwa na chandarua chenye dawa. Mwaka 2013-2014 zilikuwa 70. Mwaka 2007 watoto 148 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2013-2014 walikuwa 104, na katika EDS ya 2023-2024 walikuwa 92. Vyandarua si sababu pekee, lakini vimo. Vivyo hivyo kunyonyesha bila kuongeza maji wala uji hadi miezi 6: kutoka watoto 36 kwa 100 mwaka 2007 hadi 48 mwaka 2013-2014.

Kumbe hesabu zinaweza kubadilika. Pale ambapo kitu kimoja cha wazi kilifanywa, kwa nyumba nyingi, kwa miaka mfululizo, namba ilisogea. Kudumaa hakujasogea kwa sababu hakuna chandarua cha kukuzuia. Kunadai chakula, maji safi, chanjo, nafasi kati ya uzazi, na amani, vyote kwa pamoja.

Funzo la Idjwi

Wazee wa kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, wanakumbuka wakati ambapo watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe mkubwa shingoni. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokuwa na makao Lwiro walipima wakaaji wa kisiwa kizima. Walijua kwamba rovu linatokana na ukosefu wa iodini. Lakini kipimo kilionyesha ajabu: kaskazini ya kisiwa rovu lilikuwa limejaa, na kusini-magharibi lilikuwa dogo, ingawa pande zote mbili zilikosa iodini karibu sawasawa.

Tofauti ilipatikana kwenye chakula. Muhogo usiotayarishwa vizuri unaacha sumu ambayo, ndani ya mwili, inazuia iodini kidogo iliyopo isifanye kazi. Palipoliwa muhogo wa namna hiyo kwa wingi, shingo zilivimba, na watoto wengine walizaliwa na akili na mwili visivyokua.

Hakuna daktari mmoja, akiwa amekaa kwenye chumba chake cha kupokea wagonjwa, angeweza kuona jambo hilo. Lilionekana kwa sababu watu wa pande mbili walipimwa kwa kipimo kimoja na kulinganishwa. Dawa yake ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyodhani: chumvi yenye iodini, ambayo leo inauzwa sokoni kama chumvi ya kawaida. Vijana wengi wa Goma na Bukavu hawajawahi kuona rovu kubwa, na hawajui kwamba babu zao walilijua vizuri.

Mahali ambapo hesabu haifiki

Haifai pia kuzichukua takwimu kama Injili. Congo ilihesabu watu wake wote mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo, kila uchunguzi unajengwa juu ya orodha zinazorekebishwa na makadirio. Tena, EDS inapiga kura kati ya nyumba za vijiji na mitaa. Familia iliyokimbia na kulala chini ya turubai, au iliyopokelewa na ndugu mjini, inaweza kuanguka katikati ya orodha mbili. Na mahali bunduki zinapolia, mpimaji na ubao wake hapiti. Kwa hiyo wale walio katika hali mbaya zaidi ndio wanaohesabiwa kidogo zaidi.

Hesabu ya 2023-2024 ilichukuliwa kabla ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Machi 2025, tathmini ya usalama wa chakula ilikadiria kwamba watu karibu milioni 28 nchini wana njaa kali. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja wakati huo atabeba alama yake kwenye kimo chake, na sisi tutaijua miaka mingi baadaye, kama kutakuwa na wa kumpima.

Hilo nalo si hakika. Mfululizo wa EDS katika nchi zaidi ya 90 ulisaidiwa kwa miaka 40 na shirika la Marekani USAID. Februari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha programu hiyo. Fedha za muda zilipatikana baadaye kumalizia kazi zilizokuwa zimeanza mahali pengine, lakini swali linabaki kwetu: nchi yenye kobalti, shaba na dhahabu itangoja hadi lini wageni walipie ubao wa kupima watoto wake?

Nyumbani tufanye nini

Kuna mambo yasiyongoja Kinshasa.

Siku ya kupimisha mtoto kilo, omba apimwe urefu pia, na uandikwe kwenye fishi yake. Kilo peke yake inadanganya, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene. Wajitolea wa afya tunaowaita relais wana utepe wa kupima mkono: ukionyesha rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115, au miguu ya mtoto ikivimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, hata maji hapana. Baada ya hapo, usimwachie uji mtupu. Sambaza au ndagala waliokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja ndani ya uji, wana nguvu kuliko biskuti. Yai ambalo ulitaka kuuza, mpe mtoto angalau mara mbili kwa juma. Maharagi yaliyopondwa, sombe iliyotiwa mafuta ya mawese, parachichi, papai: vyote viko karibu nasi. Muhogo mchungu uloweke siku za kutosha na kuukausha vizuri, bila haraka ya soko.

Mfuatie chanjo zote, na ile ya surua anapofika miezi 9 usiikose. Mama mjamzito ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kwenye CPN, hata kama vinamletea kichefuchefu kidogo, na alale ndani ya chandarua. Na akina baba wajue kwamba sahani ya nyama inayowekwa kwao kwanza ina mwenye haki zaidi, yule anayerefuka na yule aliyembeba.

Tukimrudia mvulana wetu wa miaka 4 kando ya ukuta, kwake sehemu kubwa ya kimo imeshapotea, ingawa chanjo, chandarua na chakula bora bado vinaweza kumlinda asife kwa ugonjwa mdogo. Lakini mara nyingi kuna mwingine nyuma yake, aliye mgongoni mwa mama au bado tumboni. Huyo bado ana siku zake 1,000.